Ufunguo wa Nne

Mwalimu wa kwaya alilipeleka joho puani kabla hajalitazama, na hapo hapo Mshonaji akajua mambo yameharibika. Mteja anayeanza kwa kukagua mishono unaweza kubishana naye. Anayeanza kwa kunusa ameshajua anachokitafuta.

"Dada yangu," mwalimu akasema taratibu, "haya majoho umeyashonea wapi?"

"Hapa hapa, mwalimu. Kwenye meza hii."

"Hapa hapa." Mwalimu akazungusha macho. Akaiona cherehani, akaviona vitanda viwili nyuma ya pazia, akaliona dirisha dogo lililobanwa juu karibu na dari, ambalo mtu akichungulia haoni kitu ila visigino vya wapita njia. Kisha akalikunjua joho chini ya taa. Lilikuwa jeupe pe, isipokuwa mgongoni, ambako vidoa vyeusi vilitapakaa kana kwamba mtu amekung'uta kalamu ya wino.

Majoho yalikuwa kumi na mawili. Mshonaji aliyamaliza siku nne kabla, akayapiga pasi, akayatundika kwenye kamba kandokando ya ukuta yasije yakajikunja. Siku nne tu, ukuta ukayatia mkono.

"Watoto wanaimba Jumamosi," mwalimu akasema. "Niwavishe haya? Wazazi watadhani wamefukuliwa."

"Nitayaloweka, mwalimu. Madoa yatatoka."

"Na harufu utaitoa na nini?"

Mwalimu akachagua saba yaliyo nafuu, matano akayaacha juu ya meza, na alipofika mlangoni akafanya jambo lililomuuma Mshonaji kuliko kukosa malipo. Alitoa leso akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa. Baba yake alimpachika jina la Kifaranga siku aliyozaliwa, kwa udogo wake. Sasa alikuwa na miaka minane, na kifua chake kilikuwa kikilia hivyo hivyo, pii, pii, mpaka jina likaacha kuchekesha.

Chumba kile hakikujengwa kwa ajili ya watu. Baba mkwe wa Mshonaji, seremala, alikichimba chini ya nyumba yake ili aweke mbao zake mbali na jua. Alipofariki aliacha watoto watatu. Karani, mkubwa, mfanyakazi wa ofisini, alikuwa tayari anaishi juu, akabaki juu. Kinyozi, mdogo, mume wa Mshonaji, akapewa chini, kwa muda. Muda ulikuwa umefika mwaka wa saba. Wa katikati, binti, mkunga katika mji mwingine, hakuchukua chochote ila ufunguo.

Ufunguo wenyewe ulikuwa wa kabati. Seremala aliliunda kabati lile humo humo ndani, kwa mbao nzito za zamani, pana kuliko ngazi ya kutokea, akalijaza randa, misumeno, patasi na vyuma vya kubania mbao. Watu sita wasingelisogeza bila kulitoa vitu kwanza. Siku mbili kabla ya kukata roho aliwaita wanawe akawaambia: "Nimeandika nani achukue nini. Karatasi imo kabatini. Isomeni mkiwa wote watatu, na muwe mnasemezana."

Mzee wa watu alidhani anawapatanisha. Wao siku ya pili baada ya mazishi kila mmoja alikuja na kufuli lake. Kila mmoja aliogopa wenzake wawili wasije wakafungua akiwa hayupo. Kufuli tatu kwenye pete tatu za mlango wa kabati, funguo tatu katika mifuko mitatu. Na kwa vile siku ya mazishi Karani alisimama kuwatambulisha watoto wa marehemu akamruka dada yake, kwa kusahau au kwa kusudi, Mkunga hakusema naye neno tangu hapo. Karatasi ikabaki inasubiri wasemezane.

*

"Hodi, shemeji."

Karani hakuwa mtu wa kushuka hadi chini. Aliishia ngazi ya tatu kutoka sakafuni, suruali yake ya ofisini kaishika kidogo magotini kama anayevuka kijito.

"Nimesikia mwalimu amelalamika."

"Umesikiaje, shemeji?"

"Nyumba ya mbao hii, kila kitu kinasikika." Akavuta hewa, akakunja pua. "Nimeshawaambia ni mvuke. Pasi, masufuria, pumzi za watu watatu. Chumba kinatoka jasho. Pale kazini yupo bwana mmoja kwake yalikuwa haya haya. Mkewe alipoacha kupikia ndani, kuta zikakauka."

"Nyuma ya kabati ndiko kunakonuka zaidi, shemeji. Mimi nadhani maji yanatokea huko."

"Unadhani." Karani alimgeukia mdogo wake, aliyekuwa amekaa kitandani akisafisha mashine ya kunyolea. "Eti anadhani. Wewe unadhanije?"

Kinyozi akacheka kidogo. Siku nzima kazini kwake alishika vichwa vya watu akavigeuza atakavyo, vya vigogo na vya wabishi, lakini kichwa cha kaka yake kilikuwa hakishikiki. "Aa, kaka, labda tupunguze tu pasi."

Kesho yake Mshonaji akahamishia pasi nje, kwenye kibaraza cha mbele, penye njia. Wapita njia wakawa wanamsalimia. Mmoja akamuuliza: "Mama, mmefukuzwa?" Akajibu kwa utani kwamba wamehamia ufukweni. Aliporudi ndani akakuta nguo alizozikunja asubuhi ni baridi na nzito, kama zilizovaliwa na mtu mwingine.

*

Daktari alimsikiliza Kifaranga mgongoni, akasogeza kipimo, akasikiliza tena.

"Anakohoa zaidi wapi?"

"Nyumbani," Mshonaji akasema.

"Shuleni sikohoi," Kifaranga akadakia. "Shuleni nakimbia. Nikirudi ndio kinaanza."

Daktari akaacha kuandika. "Unalala wapi, binti?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya baba mkubwa."

Mshonaji ikabidi aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anajishtaki. Ukungu mweusi kwenye kona, ndiyo. Alikuwa anaufuta kwa sabuni, ndiyo, unarudi. Miaka saba, ndiyo. Daktari hakumfokea. Ingekuwa afadhali.

"Dawa nitakupa," akasema. "Lakini mama, dawa hii ni ya kumvusha mpaka atoke humo. Si ya kumwezesha akae. Mna mahali pengine?"

"Tutaangalia, daktari."

Jioni hiyo alipanda juu. Sebule ya Karani ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa, na zulia ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikanyaga na viatu. Mshonaji akasimama ukingoni mwa zulia.

"Shemeji, naomba mtoto alale hapa. Usiku tu. Asubuhi nakuja kukunja godoro mwenyewe, hutaona hata alama."

"Hapa sebuleni?" Karani akashusha gazeti. "Sebule ni ya wageni."

"Wageni gani, shemeji?"

"Wakija." Akaona jibu limepwaya, akaliongezea. "Sikiliza, mimi mtoto nampenda, ni damu yangu. Lakini leo ni godoro, kesho ni cherehani, keshokutwa nasikia kwamba mzee aliwaachia juu. Wosia haujasomwa. Atakayehama hata hatua moja atakuwa amejigawia urithi. Kila mtu akae alipo mpaka usomwe."

"Basi na usomwe."

"Mimi ufunguo wangu huu hapa." Akautikisa kwenye mnyororo wa funguo za ofisi. "Mwambie huyo mwenye kiburi alete wake."

*

Fundi bomba alikuja kufuata suruali aliyoileta kutiwa viraka. Alikuwa mtu mfupi, mzungumzaji, mwenye kujua siri za vyoo vya mtaa mzima. Alipovaa suruali kuijaribu, akauegemea ukuta, akajitoa haraka kama aliyeegemea ng'ombe.

"Huu ukuta unaishi!" akasema. Akaupapasa kwa mgongo wa mkono, toka mezani hadi kabatini. "Nani kakwambia huu ni mvuke?"

"Shemeji yangu."

"Fundi?"

"Karani."

"Ahaa." Akaomba mfuko wa nailoni na mkasi. Akakata vipande viwili mraba, kila kimoja kama sinia. Akakigandisha kimoja ukutani karibu na meza ya kushonea, cha pili ukutani ubavuni mwa kabati, kingo zote nne akazibana kwa utepe, hewa isipite. "Usiguse siku mbili. Matone yakikaa huku nje, upande wako, ni mvuke wa humu chumbani na shemeji yako amesema kweli. Yakikaa kwa ndani, ukuta wenyewe ndio unaoleta maji. Ukuta haujui kusema uongo, mama."

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Mshonaji hakuthubutu kumwambia mtu, lakini alikuwa anaogopa matone yakae nje. Kuambiwa miaka yote kuwa ni wewe kunaingia ndani ya mtu. Alipika kibarazani, akapumua kwa adabu. Kifaranga naye kila akitoka shule alikimbilia kwenye nailoni na tochi, akasoma hesabu: "Mama, ya kwako haina kitu. Ya kabati ina kumi na moja. Ina ishirini. Mama, yanatembea!"

Fundi aliporudi hakuhitaji tochi. Nailoni ya karibu na meza ilikuwa kavu pande zote. Ya karibu na kabati ilikuwa kavu kwa nje, kwa ndani imetota, imevimba chini kama tumbo.

"Mvuke una uwezo huu?" fundi akauliza. Akainua macho. "Juu ya hapa pana nini?"

Kabla Mshonaji hajajibu, nyumba ikamjibia. Ilikuwa saa ya Karani kutoka kazini. Juu ya dari mlango ulifungwa, mluzi ukaanza, kisha maji yakamwagika. Sauti yake ikateremka ndani ya ukuta, ikapita nyuma ya kabati ikigugumia, gulu gulu gulu, na mbele ya macho yao tone jipya likachomoza chini ya nailoni. Mshonaji aliisikia sauti ile kila jioni kwa miaka sita. Alidhani nyumba zote hulia vile.

"Bafu," akasema. "Alilijenga mwaka mmoja baada ya msiba."

"Bomba la maji machafu wamelipitisha ndani ya ukuta wa zamani, nalo limepasuka. Hii si kesi kubwa. Sogezeni kabati, nibomoe kidogo, nitie jipya. Siku moja nimemaliza."

"Kabati halisogezwi."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Fundi alisikiliza akijikuna kisogo, akazitazama kufuli moja baada ya nyingine.

"Mama, mimi nimezibua bomba lililozibwa na pete ya ndoa. Nimezibua lililozibwa na meno ya bandia, na mwenyewe amesimama pembeni ananidai. Lakini bomba la kufuli tatu, hili ni la kwanza."

*

"Usimwambie kaka hivyo," Kinyozi akasema alipoelezwa.

"Nimwambieje?"

"Mwambie tu bomba limechoka. Usiseme bafu lake."

"Baba Kifaranga, mtoto anapiga mluzi akipumua."

"Nasikia."

"Unasikia, eh?"

Kinyozi akaipuliza mashine yake iliyokwisha kusafishika zamani. Mshonaji hakumgombeza. Alitoka kibarazani akampigia wifi yake simu.

Mkunga hakuuliza habari za kabati wala za kaka. Aliuliza: "Mtoto yuko karibu? Amekaa au analala? Tazama kifua, nihesabie anapumua mara ngapi, nitakwambia uache lini." Mshonaji akahesabu. Mkunga akasema: "Nakuja Jumapili. Na ijulikane sikuja kwa ajili yake."

Jumapili alifika ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Karani akashuka, na safari hii akapita ngazi ya tatu, akakanyaga sakafu ya chini kwa mara ya kwanza kwa miaka. Akatazama chini haraka. Sakafu ilimlowesha soli.

"Mwambie kaka yako atangulie," Mkunga akamwambia Kinyozi.

"Kaka, dada anasema utangulie."

"Mwambie mimi ndiye mkubwa, mkubwa humalizia. Aanze yeye."

"Dada, kaka anasema…"

"Nimemsikia, mimi si kiziwi."

Mwisho walianza wote kwa pamoja. Kufuli zilikuwa zimeota kutu. Kinyozi akazitia mafuta ya mashine ya kunyolea, wakasubiri, wakajaribu, zikalia, zikaachia. Milango ilipofunguka ilitoka harufu iliyowarudisha nyuma hatua moja, wote watatu sawasawa, na pengine hilo ndilo jambo la kwanza walilolifanya pamoja tangu mazishi.

Randa za mzee zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu. Misumeno ilikuwa myekundu kwa kutu. Mgongo wa kabati umeoza, na kwenye tundu lake ulionekana ukuta, mweusi toka juu hadi chini, unang'aa kama mgongo wa samaki. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kisanduku kidogo kisicho na msumari hata mmoja, kazi ya mkono wa mzee. Mkunga akavaa glavu zake za kazini, akakifungua.

Karatasi zilikuwa zimekuwa kitu kimoja, kama kipande cha mkate uliovunda, cha kijani na cheusi, chenye manyoya. Kwenye kona moja palibaki weupe wa ukubwa wa kucha, na neno moja kwa mwandiko mnene wa kalamu ya seremala: Wanangu.

Mshonaji alimwona mumewe akilisogelea neno lile kwa uso, kama mtoto anayechungulia kisima.

"Nani ameingiza maji humu?" Karani akasema, na sauti yake ilikuwa ya juu mno.

Ugomvi ukawaka. Maneno yaliyokuwa yakipitia kwa Kinyozi sasa yalirushwa ana kwa ana. Walirushiana mazishi, ada za shule, mkopo wa baiskeli wa zamani, nani alimuuguza mzee na nani alituma salamu. Walipochoka, Karani akafuta jasho akasema kauli ya ofisini:

"Hapana kugusa kitu. Wako wataalamu wanaosoma hata karatasi zilizoungua. Kisanduku kirudi palepale, kabati lifungwe kama lilivyokuwa, mpaka mtaalamu apatikane."

"Kirudi," Mkunga akasema. "Na kufuli langu lirudi. Nyie siwaamini."

"Ni vizuri," Kinyozi akasema. Hata yeye.

Mshonaji alidhani hakusikia vizuri. "Na ukuta? Fundi anasubiri tulisogeze kabati. Si ndicho tulichoitiana?"

"Wifi, ngoja kwanza," Mkunga akasema kwa upole, naye macho yake hayajatoka kwenye kisanduku. "Tukianza kutoa vitu na kubomoa, kesho mtu atasema karatasi ilichanwa siku hiyo. Ngoja mtaalamu."

Wakakirudisha. Pete tatu, kufuli tatu. Mshonaji akawatazama wakitikisa kila mmoja kufuli lake kuhakikisha limeshika, akaona kwamba hata huyu mwanamke aliyemhesabia mtoto pumzi kwa simu alikuwa ameingia kabatini na wenzake.

"Sawa," akasema. "Lifungwe. Lakini shemeji usioge tena."

"Unasemaje?"

"Maji ya bafu lako yanapita nyuma ya hilo kabati. Bomba limepasuka. Kila jioni ukioga, unauosha wosia wa baba yako. Kama mtaalamu anatakiwa akute hilo neno moja lililobaki, usioge."

Mkunga akageuka polepole. "Kaka," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo kwa miaka saba. "Ulijenga bafu?"

"Nilipata ruhusa ya…"

"Ya nani?"

Karani akatazama ngazi. Kinyozi akatazama viatu. Mkunga akapanda juu moja kwa moja, akalikanyaga zulia na viatu vyake, na kabla ya kurudi kituo cha basi alikuwa amenunua kufuli la nne akalipiga kwenye mlango wa bafu. Ufunguo akamwekea Mshonaji kiganjani, akakifumba kwa mikono yake miwili.

"Hawa wangu wawili siwaamini. Wewe si mrithi, huna unachokigombea."

*

Siku kumi Karani alioga na ndoo nyuma ya nyumba, kulipopambazuka, shuka moja limefungwa kwenye kamba. Majirani wakawa wanamsalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Chini, nailoni ya kabati ilianza kukauka. Kifaranga akaleta hesabu kila siku: tisa, sita, manne. Hakuna aliyemtafuta mtaalamu.

Siku ya kumi na moja asubuhi, ngazi ya tatu ikalia.

"Hodi, shemeji. Leo nina kikao na wakubwa, na nje ni baridi." Karani alikuwa na taulo begani, nywele zimemsimama upande mmoja. "Naomba ufunguo. Mara hii moja."

Mshonaji hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Mtaalamu amepatikana?"

"Bado."

"Basi kila mtu akae alipo, shemeji."

Nyuma ya pazia kifua cha mtoto kikalia, pii, pii, si kama zamani, lakini kikalia. Wote wawili walikisikiliza. Nyumba ya mbao ile, kila kitu kinasikika.

"Lile godoro la mtoto," Karani akasema, akiutazama ukuta badala ya kumtazama yeye, "lina upana gani?"

Cherehani ikanyamaza. Mshonaji alijua anachouziwa na alijua bei yake. Maji yataanza tena. Si leo tu, yeye na Karani walijua haitakuwa leo tu. Yatapita hapo nyuma ya mgongo wake kila jioni, na kitambaa kitaota madoa, na kifua kitakachobaki humu ndani kuyavuta hayo ni chake na cha mumewe. Akaitoa futi ya kupimia shingoni, akaenda nyuma ya pazia, akalipima godoro ambalo upana wake alikuwa akiujua kwa moyo.

"Futi mbili na nusu," akasema. "Linaingia kati ya kochi na dirisha. Dirisha linafunguka?"

"Linafunguka."

"Na liwe wazi."

Kifaranga alipanda na mto wake kichwani, akihesabu ngazi. Mshonaji akalibeba godoro, akalitandika juu ya zulia, akalifungua dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akautoa ufunguo.

Aliporudi chini alikaa. Juu ya kichwa chake miguu midogo ilikimbia toka ukuta hadi ukuta, ikageuka, ikakimbia tena, na hakuna aliyeikataza. Halafu mlango ukafungwa, mluzi ukaanza. Maji yakateremka ndani ya ukuta.

Mshonaji akainuka, akaishika cherehani kwa pande zote mbili, akaivuta shubiri moja mbali na kabati. Akachomeka uzi.